Tulivyokwenda Kutafuta Chuo Chenye Watu Wachache

Ninyi wa pale Kedowa mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimempa kipande chake. Mama Wanjiru alipata habari za wakulima, mwalimu wa kwaya akapata habari za mabegi, na yule wa viazi sijui nani alimwambia kwamba nilifukuzwa chuoni. Sikufukuzwa. Basi naandika yote mara moja, tangu nilipofunga kibanda cha kabichi hadi niliporudi, ili mwenye swali lingine aniulize nikiwa nimekaa. Vyuo vyenyewe sitavitaja majina, kwa sababu watu wa vyuo ni wepesi wa kuudhika na mimi bado nauza kabichi kwa kila mtu.

Msitarajie niwape hesabu. Hesabu ndiyo nilitumwa kuileta, na ndiyo sikurudi nayo.

Kedowa hadi Kapsoit

Nilipata lifti kwenye lori la viazi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, na dereva alikuwa mtu wa kusimama kila penye moshi wa mahindi ya kuchoma. Kabla ya kufika Kericho tulikuwa tumesimama mara nyingi sana, na kila mara alinunua hindi, akalionja, akamwambia mwenye kuchoma kwamba halijaiva, akalila lote.

Aliponiuliza naenda wapi nikamwambia ukweli. Dada yangu wa Kapsoit ameniita nikaangalie vyuo vikuu viwili, nimwambie ni kipi kina wanafunzi wengi na ni kipi kina wachache.

"Hiyo ni rahisi, mama," akasema. "Angalia mabasi tu. Chuo kubwa iko na mabasi mingi."

Kulikuwa na mama mwingine tuliyemchukua njiani, Mkipsigis mwenye sweta ya kijani, amekaa kati yangu na mlango. Hapo akageuka, na kwa lafudhi ya kwao basi likawa pasi.

"Apana. Si pasi. Pasi mtu anaweza kuazima. Wewe enda uangalie choo. Choo haiazimwi."

Walibishana hadi mjini. Nilishuka nikiwa na mashauri mawili kichwani, mabasi na vyoo, na nikaona kazi itakuwa nyepesi. Nikabadilisha gari, nikafika Kapsoit mchana.

Dada yangu Kerubo ana chumba cha kushonea nguo nyuma ya soko, na nyumba iko hapohapo. Alikuwa amepika ugali wa wimbi na mboga ya saga iliyolala kwenye maziwa, chakula ambacho kwetu Kisii hupikiwa mgeni au mtu unayetaka kumwomba kitu. Mimi si mgeni. Nikala nikingoja.

Wengine wenu mnamjua binti yake, Moraa. Alifanya mtihani wa kidato cha nne akapita kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu, na vyuo viwili vilikuwa tayari kumpokea. Kilichobaki ni yeye kuchagua kimoja kwenye simu, na mwisho wa kuchagua ulikuwa wiki hiyohiyo. Lakini Moraa ana kifafa. Dawa anameza kila siku, na dawa inamsaidia, ila mara mojamoja bado anaanguka. Ndiyo maana Kerubo alikuwa na neno moja tu mdomoni.

"Nataka pale wachache," akaniambia. "Mahali wachache watamjua. Akianguka kwa watu wengi, nani atajua ni mtoto wa nani? Watamruka waende."

"Mimi nataka kile kikubwa," Moraa akasema kutoka kwenye cherehani.

"Kwa nini?"

"Nataka tu, Mama."

"Unasikia hiyo jibu?" Kerubo akanigeukia. "Sasa wewe ndio utaamua. Watu wanasema hiki kidogo, wengine wanasema kile kidogo. Enda na yeye, uone kwa macho. Penye utasema ni wachache, hapo ndio ataenda."

Mtauliza kwa nini mimi. Kabla ya kabichi nilikuwa karani wa majani ya chai kwenye kituo cha kununulia, miaka mingi. Kituoni wakulima hawapangi foleni. Magunia ndiyo hupanga foleni, na wenyewe huenda kivulini kupiga stori hadi gari la kiwanda lije. Karani mzuri akitazama magunia huwa ameshajua watu. Kerubo anaamini kwamba naweza kuangalia mahali nikajua idadi ya watu hata kabla sijawaona. Sifa kama hiyo ni tamu, na sikuikataa.

Kapsoit hadi chuo cha kwanza

Tulianza na kile ambacho wengi walisema ni kidogo. Kiko juu, ndani ya chai. Kutoka stendi tulichukua pikipiki mbili, na baridi ilinipiga magoti mpaka niliposhuka nikashindwa kunyoosha miguu. Nikainua kichwa, nikabaki mdomo wazi.

Hema zilikuwa zimejaa kiwanjani. Watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, wengine kwenye nyasi, wengine wamesimama hadi kwenye ua. Mabasi yalikuwapo. Vyoo sikuvifikia, lakini foleni yake niliiona. Nikamwambia Moraa, "Kama hiki ndicho kidogo, kile kikubwa kitakuwa nchi nzima."

Nilimwendea mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliyekuwa amekaa pembeni, nikamwamkia kwa heshima, nikamuuliza kama huwa wako wengi hivyo kila wakati.

"Leo ni kitoko, mama," akasema. "Mvua imesuia watu. Siku ingine tunajaa mpaka parapara."

Nikamtazama vizuri. Meno ya mbele hayakuwapo. Nikafikiri, siku hizi watu wanasoma wakiwa na umri wowote, na serikali imehimiza. "Na wewe, mzee, unasoma nini hapa?"

"Mimi sisomi. Macho imeisha. Mjukuu ananisomea."

Jibu hilo lilinigusa moyo. Nikamwambia Moraa aone chuo kilivyo na huruma, wazee wamepewa watu wa kuwasomea. Moraa aliuma mdomo, na mimi nikadhani ni haya. Tukagawiwa soda na nusu mkate kila mmoja, nikasema chuo hiki kinalisha watu vizuri. Ni mpaka mtu aliyeshika kipaza sauti alipotaja bonasi, na akina mama wote wakasimama kwa pamoja wakipiga kelele, ndipo nikaelewa. Sauti hiyo naijua hata nikiwa usingizini. Ulikuwa mkutano wa wakulima wa chai. Uwanja wa kiwanda chao ulikuwa umejaa maji, wakaazima wa chuo.

"Ulijua?" nikamuuliza Moraa.

"Tangu soda," akasema.

Tukaenda kutafuta wanafunzi wenyewe. Askari wa getini alikuwa kijana mpole, na alinieleza taratibu, lakini kila alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kupotea.

"Wanafunzi wako, mama. Wengine wameenda kufundisha mashuleni, ile mazoezi. Wengine wako nyumbani mpaka muhula ingine. Halafu kuna wa jioni. Halafu kuna wa kusomea kwa simu."

"Wa simu wanakaa wapi?"

"Kwao."

"Na wanahesabiwa wapi?"

"Hapa."

Mnajua kwenye chai ilikuwa kinyume. Jina moja kwenye kitabu, na chini ya jina hilo anachuna mama, watoto, shemeji, hata jirani. Jina lilikuwa dogo kuliko watu. Hapa jina liko chuoni na mwenyewe yuko Sotik anakunywa chai. Nikaingia ofisini kuuliza mtu wa juu zaidi. Dada wa pale alitabasamu akaniambia, "Inategemea, mama, unataka kuhesabu nani." Nikamwambia nataka kuhesabu wanafunzi. Akasema ndiyo, lakini wapi? Nikatoka.

Mtu aliyetuokoa ni mama wa mabweni, jina lake Mama Cherono, mnene, mwenye kicheko. Alitembea na sisi, na kila mwanafunzi tuliyekutana naye alimwita kwa jina, akamuuliza habari za kikohozi chake, za mama yake, za ng'ombe wa kwao. Nilifurahi mno. Nikasema hapa ndipo Kerubo anapopataka. Na kwa furaha hiyo ulimi ukaniteleza, nikamweleza ugonjwa wa Moraa wote, tangu alipoanguka mara ya kwanza darasani.

Mama Cherono alimshika Moraa mikono miwili. "Usijali hata kidogo, mtoto wangu. Hapa sisi wote tutakuangalia." Palepale akawaita wasichana watatu waliokuwa wakipita na ndoo, akawaambia, huyu mtakuwa macho yake.

Alitukaribisha chai kwenye kantini. Mpishi alileta kiti chenye mikono kwa Moraa, akaisogeza chupa ya chai mbali naye. Msichana mmoja akaja kukaa ubavuni pake bila kuitwa, akawa anamtazama usoni kama mtu anayengoja maziwa yachemke. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa wema, wema wa kweli, nami nawashukuru mpaka leo. Lakini Moraa hakuinywa ile chai. Tulipofika getini, yule askari mpole akavua kofia akasema, "Pole kwa kuugua, siz."

Tulikuwa tumekaa muda wa kikombe kimoja.

Kericho hadi Sotik

Tulilala Kericho kwa mtu wa kanisa letu, asubuhi tukashika njia ya Sotik. Kabla ya kufika Litein magari yote yalikuwa yamesimama. Lori la majani mabichi lilikuwa limelala ubavu barabarani, dereva mzima, majani yamemwagika lami yote kijani. Watu walikuwa wakiyazoa na kuyarudisha ndani ya magunia, na mimi nilishindwa kukaa. Nilishuka nikaanza kuwaelekeza wasiyashindilie, na wayaweke kivulini, maana majani yakishindiliwa juani yanaungua yakawa mekundu na kiwanda hakiyataki. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Walinitii tu.

Baadaye tulikaa kwenye ukingo wa barabara, nyuma yetu chai, mbele yetu magari yaliyozima injini. Nilinunua mahindi. Nikamwambia Moraa kwamba kwa upande wangu kazi imekwisha, nitamwambia mama yake chuo kidogo ni kile tulichotoka.

Alikula punje chache kwanza. "Anti, unajua shuleni nilikuwa naitwaje?"

"Moraa."

"Hapana. Walikuwa wanasema yule wa kuanguka. Hata mwalimu mpya akiuliza Moraa ni nani, anaambiwa hivyo, anasema ah, sawa. Nilikuwa namba moja darasa yote, lakini hakuna mtu alisema yule wa namba moja." Akang'oa punje nyingine. "Nikifungua macho nikitoka huko, kitu ya kwanza naona ni nyuso. Zimejaa hapa juu, zinaniangalia. Kuanguka hata siskii. Hizo nyuso ndio nasikia."

"Wanakuhurumia."

"Najua. Hata jana walinihurumia. Kabla hata sijaanguka."

Niliumia, kwa sababu ule ulimi uliomweleza Mama Cherono ni wangu, na kwa sababu hofu ya Kerubo pia ni hofu ya kweli. Nilimwona Moraa akiwa mdogo alipoangukia jiko. Kovu liko mkononi mwake na halijifichi. Niwaambie wazi kwamba pale ukingoni sikujua tena nilikuwa natafuta nini, kama ni wachache au ni wengi. Nikatamani dada yangu angemtuma mtu mwingine.

Sotik tulifika jua likielekea kushuka. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Chebet, tuliyefanya kazi pamoja kituoni, yeye akipima na mimi nikiandika. Nilikuwa nimempigia simu kwamba nakuja na mtoto wa dada yangu, mambo ya chuo kikuu. Yeye alivyoelewa ni kwamba mtoto amemaliza chuo kikuu.

Tulikuta majirani wamejaa sebuleni, Wakipsigis na Wakisii wa kanisa moja. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Mursik ilikuwa mezani kwenye kibuyu, yale maziwa ya kulala yenye mkaa, ambayo humiminiwa mtu aliyeshinda kitu. Mama mmoja alimvisha Moraa shada la karatasi za kung'aa shingoni, na mchungaji akaanza kumshukuru Mungu kwa ajili ya digrii.

Nilifungua mdomo nieleze. Moraa akanifinya paja kwa nguvu hata machozi yakanitoka, nao wakadhani ni machozi ya furaha.

"Ebu tuampie, msomi," mzee mmoja akamwambia. "Huko chuo wanafunzi wako wangapi?"

Moraa alisimama. Mtoto huyu kanisani kwetu hujibu salamu akitazama viatu. Alisimama katikati ya watu asiowajua, shada limemfika tumboni, akawaambia kwamba wako wengi hata huwezi kujua, kwamba kila mtu anatembea na mambo yake, na kwamba yeye alisomea ualimu wa hesabu, somo gumu lakini tamu. Alitania kuhusu chakula cha chuoni. Watu wakacheka mpaka mchungaji akafuta macho. Alikunywa mursik ikampaka midomo, akakata kuku, akaimba. Hakuna mtu pale aliyemwekea kiti maalum, kwa sababu hakuna aliyejua.

Mimi nilikaa kwenye kona na sahani yangu nikimtazama. Nilikuwa sijawahi kumwona kweli.

Sotik hadi chuo cha pili

Asubuhi Mama Chebet alitusindikiza hadi stendi, bado akimwita Moraa msomi, nasi hatukuwa na ujasiri wa kumwambia. Tukapita Kaplong, tukaingia upande wa Bomet. Chuo cha pili ndicho ambacho Moraa alikitaka, na watu wote wa Sotik waliapa kwamba ndicho kikubwa, mabasi, vyoo na yote.

Tuliingia. Hapakuwa na mtu.

Naapa kwenu. Njia tupu, nyasi zimekatwa vizuri, ndege wanalia. Mbele ya jumba moja kubwa kulikuwa na mabegi tu. Mabegi ya mgongoni, mifuko ya vitenge, mikoba, yametupwa kwenye nyasi, kwenye ngazi, mengine juani kabisa. Wenyewe hawaonekani.

Kwa mtu mwingine hayo ni mabegi. Kwangu mimi ilikuwa ni asubuhi ya kituoni, na wenye magunia wako kivulini mahali fulani. Nikatembea katikati yake nikiyapima kwa jicho, na nikaona hayazidi sana yale magunia tuliyokuwa tukipokea msimu wa mvua. Nikapata furaha kubwa ya ghafla. Chuo kikubwa ndicho kidogo! Kerubo atapata wachache wake, Moraa atapata chuo chake, na mimi nitarudi kwa kabichi zangu.

Nilipaswa kuishia hapo. Lakini yale mabegi ya juani yalinikera. Mkono wa karani haustahimili kuona mzigo umetupwa ovyo. Nikaanza kuyavuta kivulini, ukutani, nikayapanga mstari, makubwa mbele na madogo nyuma, midomo ikitazama upande mmoja.

"Anti, wacha vitu za watu," Moraa akasema akiwa amekaa kwenye ngazi.

"Nakusaidia kuhesabu."

"Anti, please."

Nilimaliza. Mstari ulinyooka kuliko wowote niliowahi kupanga nikiwa nalipwa. Nikasimama mbele yake nikipangusa mikono, na hapo kengele ikalia.

Kumbe ndani kulikuwa na mtihani, na kwenye mtihani begi haliingii. Milango ilifunguka pande zote, hata ya juu niliyokuwa sijaiona, na majumba ya nyuma nayo yakafunguka. Watu walitoka, wakatoka, wakatoka. Wengi hawakuwa hata na begi. Wenye mabegi walikimbilia pale walipoyaacha, wakakuta nyasi.

"Begi yangu iko wapi?"

"Manze, nani amegusa bags?"

"Nimeibiwa! Simu ilikuwa ndani!"

Wengine waliuona mstari wangu wakaurukia kwa pamoja, kila mmoja anavuta, mabegi meusi yote yanafanana. Mimi nilisukumwa huku, nikasukumwa kule, nikijaribu kueleza kwamba makubwa yako mbele. Nani angenisikiliza? Sijapata kuwa kati ya watu wengi kiasi kile, na wote wakiwa na hasira ya jambo nililolifanya mimi. Nilipogeukia ngazi kumtafuta Moraa, ngazi ilikuwa imejaa miguu.

Nikamwita. Sauti yangu sikuisikia mwenyewe. Nilianza kuwasukuma watu kwa viwiko, nikilia, na kichwani nilikuwa nikimsikia Kerubo tu akisema watamruka waende.

Nikaona watu wamesimama mduara, karibu na bomba la maji. Naijua miduara hiyo, nimeikuta sokoni, kanisani, stendi. Lakini huu ulikuwa na kitu ambacho sikukielewa. Nilikuwa nawaendea, na wao walikuwa wananitazama. Wote walikuwa wamegeukia nje. Walisimama bega kwa bega wamempa mgongo aliyekuwa katikati, wasichana kwa wavulana, na kijana mmoja alikuwa akiwaambia wanaopita, "Endeni, endeni, hakuna kitu hapa. Weka simu chini, wewe."

"Ni mtoto wangu," nikasema, wakanipisha.

Moraa alikuwa chini, amelazwa ubavu, jaketi ya mtu chini ya kichwa. Mwili ulikuwa umeshatulia. Msichana mwenye sweta nyekundu alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja begani kwake, akitazama saa.

"Imeisha, mama. Haikukaa sana. Usimpe maji bado, wacha aamke mwenyewe." Alisema hivyo bila kuniuliza mimi ni nani.

Nilikaa chini kwenye matope. Baada ya muda Moraa akafungua macho, na yule msichana hakumwinamia usoni. Alikaa tu kando yake, akaangalia mbele.

"Uko sawa? Pole pole," akamwambia. "Hiyo pepa ya leo imemaliza watu. Swali la tatu uliandika nini?"

Moraa alimtazama. Ilichukua muda maneno kumfikia. Kisha akasema kwa sauti nzito ya mtu anayetoka usingizini, "Sikuandika kitu."

"Hata mimi," msichana akasema. Akamsaidia kuinuka, akatuonyesha zahanati ya chuo ilipo, akachukua jaketi yake, akakimbia kutafuta begi. Ule mduara ulikuwa umeshatawanyika, na siwezi kuwaambia ni akina nani. Jina la yule msichana sikuuliza, na la Moraa hakuuliza.

Kurudi Kapsoit

Zahanati walimpumzisha, wakamtazama, wakaturuhusu. Njia yote alilala begani kwangu. Tulifika Kapsoit siku iliyofuata, Kerubo akiwa jikoni anachemsha chai, na swali likatoka kabla ya salamu.

"Wapi wako wachache?"

Nikamwambia sijui. Nikamweleza yote, wakulima, watu wa simu, Mama Cherono na wasichana wake, hata mabegi. Moraa alikuwa amekaa mlangoni, akiniomba kwa macho niishie hapo. Sikuishia. Nilipofika kwenye bomba la maji Kerubo alisimama, mwiko mkononi.

"Walimgeuzia mgongo?"

"Walimgeuzia mgongo."

"Mtoto wangu ameanguka kwa matope, watu wanampa mgongo, na wewe unaniambia hiyo maneno umekaa kwa kiti yangu?"

"Sio hivyo, Kerubo. Walikuwa wamemfunika. Walizuia watu wasimwone."

"Na walikuwa wanamjua?"

"Hata mmoja."

Alimgeukia Moraa. Nilidhani atamkagua kichwa na mikono kama afanyavyo siku zote. Moraa akamwahi.

"Mama, nilifungua macho nikaona visigino za watu."

"Visigino?"

"Viatu, kwa nyuma. Imezunguka yote. Hakuna uso."

Kerubo alimtazama binti yake hata chai ikapanda ikazima moto wa pembeni, na hakuiona. Mimi nilikuwa tayari kwa kelele, kwa machozi, kwa kuambiwa sitatumwa tena. Alifuta mikono kwenye leso, akatoa simu kifuani, akaifungua, akamwekea Moraa mkononi.

"Chagua," akasema. "Mimi siangalii."

Akatugeuzia mgongo, akaanza kukoroga chai iliyokuwa imeshaiva.